Maswali ya Wasomaji: Kijana Akishika Usukani

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu vijana na udereva. Barua nyingi zilitoka Arusha na Moshi, na karibu zote zilikuwa na lalamiko moja: "Anajua kuendesha, lakini hasikii." Tumechagua saba. Zinazofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyafupisha.

Nikiwa naye ni mpole, na wenzake ni mtu mwingine

*Mwanangu ana miaka 19, leseni aliipata miezi minne iliyopita. Nikiwa naye kutoka Njiro hadi soko la Kilombero anakwenda taratibu mpaka walio nyuma wanampigia honi. Lakini jirani alimkuta baipasi Jumamosi usiku, gari limejaa vijana, wanafanya ligi na gari jingine. Nikimuuliza anaruka. Je, ananidanganya, au kuna kitu kinambadilisha? – Mama K., Njiro, Arusha*

Mama K., pole. Kukuficha anaweza akawa anakuficha, ila hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba umri wa mwanao una tabia yake: akiwa peke yake au na mkubwa hupima hatari vizuri tu, akiwa na rika lake mizani inabadilika.

Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, waliwapa watu 306 mchezo wa kompyuta. Unaendesha gari, taa ya njano inawaka, ukizidi kusogea unapata pointi, lakini taa nyekundu ikikukuta bado unakwenda, unagonga ukuta na kupoteza. Makundi yalikuwa matatu: miaka 13 hadi 16, 18 hadi 22, na 24 kwenda juu. Kila mtu akicheza peke yake, makundi hayakupishana sana. Wenzao walipokaa pembeni kutazama, vijana wakaanza kujihatarisha zaidi, na wadogo ndio walizidi. Watu wazima wakabaki vilevile.

Sababu yake iko kichwani, kwa maana halisi ya neno hilo. Sehemu ya ubongo inayofurahia sifa, msisimko na ushindi hushika kasi mapema katika ujana. Sehemu ya mbele, ile inayosema "ngoja kwanza", hukomaa polepole hadi katikati ya miaka ya ishirini. Macho ya wenzake yanaichochea ile ya kwanza. Kwa hiyo ukimkalisha sebuleni ukamwuliza kama ligi ni hatari, atakujibu vizuri kuliko mwalimu wake, na atakuwa anasema kweli. Tatizo ni kwamba sebuleni hakuna anayemshangilia.

Barabarani mambo ni hayohayo. Takwimu za Marekani zilizotolewa na AAA, taasisi ya usalama barabarani, mwaka 2012 zilihusu madereva wa miaka 16 na 17. Akibeba abiria mmoja wa chini ya miaka 21, uwezekano wa dereva huyo kufa kwa kila maili unapanda kwa asilimia 44. Akibeba wawili unakuwa maradufu, watatu au zaidi mara nne. Akiwa na mtu wa miaka 35 au zaidi, unashuka kwa asilimia 62. Gari ni lilelile na dereva ni yuleyule. Wewe, mama, ukiwa kiti cha kushoto ni breki ya pili.

Basi usipoteze nguvu kuhubiri mwendokasi. Punguza idadi ya watu garini. Kwa miezi mitatu ya kwanza asibebe rika lake kabisa: abebe mkubwa au aende peke yake. Miezi mitatu inayofuata abebe mmoja. Gari lirudi nyumbani saa 3 usiku, kwa sababu giza na wenzake vikikutana ndipo mambo huharibika. Mkae muandike makubaliano kwenye karatasi, kila kipengele kikiwa na tarehe ya kulegezwa, ili aone kuwa anapanda ngazi na si kwamba amefungwa. Nchi kama New Zealand zimeiweka ngazi hiyo ndani ya leseni yenyewe tangu 1987. Kwetu sheria haijagawa hivyo, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwa mwenye ufunguo.

Jambo jingine ambalo wazazi husahau: mpe kisingizio. Kijana hawezi kuwaambia wenzake "naogopa". Anaweza kusema "gari la bimkubwa hili, anasoma kilomita kila jioni". Basi zisome kweli. Andika namba ya kilomita inapoondoka na inaporudi, na afahamu kuwa unaandika. Ukifunga kifaa cha kufuatilia gari, mwambie. Kifaa cha siri hakimzuii mtu, kinawaletea ugomvi tu siku akikigundua.

Na hata asipokuwa na ligi, miezi minne ya leseni bado ni michanga. Dereva mpya hutazama karibu na mbele tu, kwenye bampa ya aliyemtangulia. Mzoefu hutupa macho mbali, akarudi kwenye vioo, akatazama pembeni. Anayeona mbali ana muda wa kufikiri. Zoezi lake ni rahisi na halina gharama: aendeshe akisema kwa sauti kila kinachoweza kumletea shida. "Hiace imesimama, mtu anaweza kutokea mbele yake. Boda yuko kushoto. Kuna mpira umevuka, mtoto atafuata." Dakika 15 kila safari. Mkianza mtacheka, mkifika wiki ya pili utashangaa anavyoona vitu kabla yako. Jimbo la Victoria kule Australia linamtaka mwanafunzi wa chini ya miaka 21 arekodi saa 120 za kuendesha na msimamizi kabla ya kupewa leseni. Linganisha na wiki chache za lena za hapa kwetu, kisha ongeza saa zinazobaki wewe mwenyewe.

Hesabu inanikimbiza

*Naendesha boda ya mkataba, kijiwe chetu kiko Mbauda. Nina miaka 22. Hesabu ni elfu 10 kwa siku, na bosi hataki kusikia mvua wala trafiki. Mnasema vijana tunakimbia kwa sifa. Mimi nakimbia kwa njaa. Nisipokimbia napataje? – Dereva boda, Arusha*

Mdogo wetu, uko sahihi kwamba si kila mwendokasi ni sifa. Ila hesabu yako tuipige upya.

Chukua siku ya saa 12 yenye safari 15, kila moja dakika 10. Hizo ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Saa tisa na nusu zilizobaki uko kijiweni, au unarudi mtupu. Ukikimbia ukaokoa dakika moja kila safari, umepata dakika 15 kwa siku nzima, na utazitumia kukaa juu ya pikipiki ukingoja kichwa. Unachokosa ni abiria, na mwendokasi haumleti. Anayeleta ni yule wa jana aliyehifadhi namba yako. Mama anayempeleka mtoto shule kila asubuhi, mwenye duka anayetuma mzigo Kwa Mrombo, muuguzi anayetoka zamu ya usiku: watu hawa humtafuta dereva asiyewatia presha. Wateja watano wa kudumu wana thamani kuliko kona zako zote. Kukaza mafuta na kufunga breki kila mara kunakula petroli, cheni na breki, na hivyo vyote vinatoka mfukoni mwako.

Sasa tazama saa unayokimbia zaidi. Kwa wengi ni kuanzia saa 12 jioni. Umeshika elfu 6, unadaiwa elfu 10, na bado hujala. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu anayejiona yuko kwenye hasara hukubali kamari ambayo asubuhi angeikataa. Ndiyo saa ya kupiga mshikaki (kubeba abiria zaidi ya mmoja), kupita upande usio wako, na kukata kona ya kituo cha mafuta. Na ndiyo saa mwanga unapokufa, wenye magari hawajawasha taa, na watembea kwa miguu wamevaa nguo za rangi nyeusi. Hasara na giza hukutana kila siku kwa wakati uleule. Kulijua hilo peke yake kunasaidia: ikifika saa 12 jioni jiulize, je, safari hii ningeikubali saa 3 asubuhi? Jibu likiwa hapana, iache.

Kwa bosi, usiende kulia hali. Nenda na pendekezo: hesabu ya wiki badala ya siku. Elfu 60 kila Jumapili kwa siku sita za kazi ni fedha ileile, ila siku ya mvua inafidiwa na Ijumaa ya soko. Muombe siku ya saba iwe ya servisi na mapumziko, iandikwe kwenye mkataba. Bosi mwenye akili atakubali, kwa sababu pikipiki iliyokatika fremu hailipi hesabu.

Kuhusu kijiwe: usifikiri kila mwenzako anapenda fujo. Vijana wengi huamini wenzao wanajihatarisha zaidi ya walivyo kweli, kila mtu anamwiga mwenzake ambaye naye anaigiza. Mwenyekiti wa kijiwe anaweza kulivunja hilo kwa kanuni moja ya zamu, isiyo na maneno mengi: aliyebeba mshikaki anaruka zamu mbili. Faini ya fedha italeta ugomvi. Zamu inauma, na kila mtu anaiona.

Kozi ya kuteleza

*Je, nikimlipia binti yangu kozi ya udereva wa hali ya juu, ile ya kuteleza na kufunga breki ghafla, atakuwa salama zaidi? – Baba wa Sakina*

Si lazima, na inaweza kumdhuru. Majaribio ya nchi za kaskazini mwa Ulaya yalionyesha kuwa vijana waliofunzwa kuokoa gari linaloteleza walitoka wakijiamini kupita uwezo wao, hasa wavulana. Kujiona bora ni ugonjwa wa madereva wote. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wajilinganishe na madereva wenzao, na asilimia 93 ya Wamarekani walijiona juu ya wastani kwa ustadi. Fedha hizo nunua nazo petroli, umpeleke aendeshe na wewe usiku, kwenye mvua ya masika, na kushuka barabara za mlimani kwa gia nzito.

Nimwambieje apunguze mwendo?

*Rafiki yangu wa kiume ananichukua Arusha kila Ijumaa kunirudisha Moshi. Anapita magari kwenye kona, spidi 100 hadi 120. Nikisema "punguza" anacheka na kuongeza. Nashindwa kukataa lifti, na sitaki kuonekana mshamba. – N., Moshi*

Dada N., kuongeza mwendo baada ya kuambiwa punguza si utani, ni jibu. Umemgusa heshima yake, naye ameirudisha kwa mguu wa kulia. Kwa hiyo maneno yafaa yasemwe kabla ya mguu kuanza kazi, gari likiwa limesimama, mkiwa wawili tu. Usiseme anavyoendesha, sema unavyojisikia wewe: "Tukipita 80 tumbo linanikata, naomba tukiwa pamoja tuishie hapo." Kichefuchefu hakina mjadala. Hukumuita dereva mbaya, na yeye amepata nafasi ya kuwa muungwana badala ya kushindwa.

Akianza njiani, usipige kelele akiwa katikati ya kumpita mtu. Hapo unamnyang'anya akili anayoihitaji. Subiri arudi upande wake, kisha omba asimame kituo cha mafuta, useme unahitaji choo. Hapo ndipo mzungumze. Mara ya pili ikiwa vilevile, shuka Usa River au Boma Ng'ombe, mahali penye watu na taa, upande Hiace. Nauli ni ndogo. Mkanda ufunge siku zote hata ukikaa nyuma, kwa kuwa aliyekaa nyuma bila mkanda humponda wa mbele.

Akikuambia "nawahi", mpigie hesabu hii. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Njiani kuna Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe na makazi mengine yenye kibao cha 50. Tuseme nusu ya njia, kilomita 40, ndiyo anaweza kunyoosha mguu. Kwa spidi 80 kilomita hizo 40 ni dakika 30, kwa spidi 100 ni dakika 24. Ameokoa dakika sita, akifika atazimaliza kutafuta pa kuegesha. Gharama ya dakika sita hizo: kwa spidi 80 kwenye lami kavu, tangu aone hatari hadi gari lisimame ni kama mita 69. Kwa 100 ni kama mita 97. Zile mita 28 za ziada ndizo anazosimama mtoto wa shule pale Kikatiti.

Tuongeze jambo ambalo hukuuliza. Mtu anayeona umeogopa akaongeza moto, afadhali umtazame kwa makini na nje ya gari.

Krismasi, Dar hadi Rombo

*Desemba tunapanda vijana wanne kwenda nyumbani kuhesabiwa na ukoo. Tutatoka Dar Ijumaa saa 12 jioni baada ya kazi, tufike Mkuu asubuhi. Wote tuna leseni, tutapokezana. Mnatushauri nini? – Vijana wa Rombo walioko Dar*

Tunawashauri msitoke saa 12 jioni.

Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri akienda kazini, ikifika saa 4 usiku ana saa 17 macho. Watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walipima mwaka 1997 wakaona kuwa mtu wa saa 17 bila usingizi hufanya kazi kama aliye na asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Kwa foleni ya kutoka Dar, saa 4 huenda hamjafika hata Korogwe. Sehemu mbaya zaidi iko mbele: Mombo hadi Mwanga, barabara tambarare chini ya milima ya Usambara na Pare, giza, taa za malori, kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri ambapo mwili wa kila mwanadamu unadai kulala. Kila mmoja wenu ana saa nyingi zilezile macho, kwa hiyo "tutapokezana" ni mchovu kumpokea mchovu.

Laleni Ijumaa, mtoke Jumamosi saa 11 alfajiri. Mtafika na jua, na mbege haitakuwa imeisha.

Kupokezana kupangwe nyumbani, kwa majina ya miji, si kwa hisia. Kundi la vijana lina ugonjwa wake: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka. Basi miji iseme badala yenu. Badilishaneni Msata, Segera, Mombo, Same na Himo, kila kituo dakika 15 za kunyoosha miguu, hata aliyeendesha akidai bado ana nguvu. Hasa huyo. Aliyekaa mbele kushoto ni marufuku kulala wala kushika simu; kazi yake ni macho na mazungumzo. Wawili wa nyuma walale na mikanda.

Usingizi ukija, kufungua kioo na kupandisha muziki havisaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kikombe cha kahawa, na kulala palepale dakika 20 kwa saa ya kengele. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo mnaamka nayo imeshika. Dalili za kutongoja: hukumbuki kilomita zilizopita, tairi limekanyaga ukingo wa lami, kichwa kimedondoka mara moja. Kikidondoka mara moja, msisubiri ya pili.

Na huko nyumbani, kabla ya kuzunguka kusalimia ukoo kwa gari: kiwango cha kisheria cha pombe kwenye damu kwetu ni 0.08, na mwili huondoa kama 0.015 kwa saa. Aliyelala saa 6 usiku akiwa na 0.12 anakuwa safi kabisa kama saa 2 asubuhi, si kabla. Supu, mtori na maji ya baridi havigusi hesabu hiyo. Mbege ya nyumbani haina kibandiko cha nguvu yake, na kila nyumba ina mkono wake, kwa hiyo kupima kwa idadi ya vikombe ni kujidanganya. Kijana mwenye kiasi kilekile cha pombe na baba yake yuko hatarini zaidi, maana uzoefu wa kumbeba hana. Chagueni mmoja kwa kila siku asiguse kitu, na zamu hiyo mwipange mkiwa bado Dar, wote mkiwa wazima wa akili.

Ajali haina kinga

*Mnawatisha vijana bure. Wazee walisema ajali haina kinga. Siku ikifika imefika. – Mzee M., Machame*

Shikamoo mzee. Methali hiyo ina kazi njema msibani, inamwondolea mfiwa lawama. Ikipanda kwenye kioo cha nyuma cha Hiace inageuka ruhusa, na kijana anaipenda kwa sababu inamwondolea hesabu ya mguu wake mwenyewe. Kinga ipo na imepimwa. Helmeti iliyofungwa mkanda chini ya kidevu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia kama 42 na majeraha ya kichwa kwa 69. Mkanda wa kiti cha mbele hupunguza vifo kwa karibu nusu. Mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia kama 4. Wazee hao hao, mzee wetu, walisema pia tahadhari kabla ya hatari, lakini hiyo hatujaiona imebandikwa kwenye gari.

Nimrudishie ufunguo?

*Kijana wangu wa miaka 21 aligonga ukuta wa jirani usiku akitoka kwenye sherehe. Alikuwa amekunywa. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Nimechukua ufunguo miezi mitatu sasa. Mama yake anasema yatosha. Nimrudishie? – Baba J., Soweto, Moshi*

Baba J., miezi mitatu bila gari haijamfundisha kuendesha, imemfundisha kusubiri. Hofu ya ajali hushuka yenyewe baada ya wiki chache. Kinachobaki ni kile alichokifikiri mwenyewe kuhusu usiku ule, na hicho hakitoki kwa kufokewa.

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna mazungumzo mafupi yaliyotengenezwa kwa ajili ya majeruhi waliokuwa wamekunywa, yanaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Msingi wake ni mhudumu kuuliza badala ya kuhukumu, na mgonjwa mwenyewe kutaja sababu zake za kubadilika. Mzazi anaweza kuazima njia hiyo. Mwulize: usiku ule ulianza vipi? Ni saa ngapi ulijua hufai kuendesha? Kulikuwa na nani, na nani angekucheka ungeacha gari pale? Kisha nyamaza, hata kimya kikikaa vibaya. Swali la mwisho ndilo lenye dawa, kwa kuwa wengi hawarudi na gari kwa sababu ya kiu ya kuendesha. Wanarudi nalo kwa sababu kuliacha ni kukiri mbele ya watu kuwa umelewa.

Kwa hiyo mpatane juu ya simu moja: akikupigia saa yoyote akasema "njoo unichukue", unakwenda au unalipa bajaji, na usiku ule hakuna swali. Maswali ni kesho yake baada ya chai. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hatapiga tena. Ukuta wa jirani aujenge yeye kwa fedha yake, hata kama ni tofali kumi kwa mwezi.

Ufunguo urudi kwa vipande. Mwezi wa kwanza mchana tu na peke yake au na mkubwa. Mwezi wa pili hadi saa 2 usiku. Sherehe na gari visikutane kabla ya miezi sita. Anza Jumamosi hii: mwache aendeshe kutoka Soweto hadi Kiboriloni na kurudi, wewe ukiwa kiti cha kushoto, na usiseme neno mpaka azime gari.